Mimba Kwangu, Mtoto Kwenu

Tarehe 1 Oktoba 1987, mjini Johannesburg, mwanamke wa miaka 48 alijifungua wajukuu zake. Msikilizaji amesikia sawasawa: wajukuu. Pat Anthony, mkazi wa Tzaneen, mji mdogo wa kaskazini mwa Afrika Kusini, alifanyiwa upasuaji akatolewa watoto watatu kwa mpigo, wavulana wawili na msichana mmoja. Mayai yalikuwa ya binti yake, Karen. Mbegu zilikuwa za mkwewe. Chake kilikuwa tumbo. Karen alipomzaa mtoto wake wa kwanza alitokwa na damu nyingi hata madaktari wakalazimika kuutoa mji wa mimba. Mayai akabaki nayo, lakini hana pa kuyalea. Mama yake akasema, basi mimi nitakubebea.

Magazeti ya dunia nzima yalikimbilia huko na kuanza kupiga hesabu za ukoo. Ikiwa aliyezaa ndiye mama, basi Karen ni dada wa watoto waliotoka katika mayai yake mwenyewe, na mumewe ni shemeji wa watoto wake wa damu. Ni utani mzuri wa barazani. Ila katika kelele hizo wachache waliuliza habari za Pat: mwanamke anayekaribia umri wa kukoma hedhi, amebeba watoto watatu, ambaye mwili wake haukutarajia tena kazi hiyo. Waliulizwa madaktari walivyofaulu, waliulizwa wazazi walivyofurahi. Aliyebeba akawa ajabu ya kutazamwa tu.

Hali hiyo haijabadilika sana. Ukisikia leo habari ya mwanamke aliyebeba mimba kwa ajili ya familia nyingine, mazungumzo hukimbilia upesi kwa mtoto: ni wa nani, atarithi wapi, aandikwe jina la nani. Mazungumzo haya yatamfuata mwanamke mwenyewe, kuanzia siku anapoombwa.

Kwanza itenganishwe kamba na kamba, maana kuna namna mbili za kubebeana mimba, na nyingi ya kesi zilizojaza magazeti ni za namna ya kwanza. Hiyo ni ile ambayo mbebaji hutumia yai lake mwenyewe na kupandikizwa mbegu za mume wa familia inayotaka mtoto. Kwa njia hiyo Kim Cotton wa Uingereza alijifungua mtoto wa kike Januari 1985, akalipwa pauni 6,500 kupitia wakala, na akaondoka hospitalini bila kuwahi kuonana na wenye mtoto. Nchi ilichafuka. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kupiga marufuku uwakala wa faida katika jambo hilo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Marekani. Mary Beth Whitehead wa New Jersey alikubali kubeba kwa dola 10,000, mtoto akazaliwa Machi 1986, na mama akagundua kwamba hawezi kumwachia. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, ambayo mwaka 1988 iliamua kwamba mkataba ulikuwa batili, mtoto alelewe kwa baba, lakini Whitehead abaki kuwa mama kisheria mwenye haki ya kumtembelea. Mawakala wakapata somo na wengi wakaikimbia njia hiyo.

Walikimbilia namna ya pili, ile ya Pat Anthony. Tangu Louise Brown azaliwe kule Oldham, Uingereza, Julai 1978, ilijulikana kwamba yai na mbegu vinaweza kukutana nje ya mwili. Kama ndivyo, kiinitete kinachopatikana kinaweza kuwekwa katika tumbo lolote lililoandaliwa. Mbebaji hatoi yai, na mtoto hachukui vinasaba vyake. Ndiyo njia inayotumika zaidi leo, na ndiyo inayofanya watu waseme, kwa wepesi mno, kwamba mbebaji hana chake pale.

Sasa tumfuate. Mara nyingi ombi huanza nyumbani. Mtu na dada yake wamekaa jikoni, mmoja ana watoto wawili au watatu, mwingine amepoteza mimba ya nne au ametolewa mji wa mimba kwa sababu ya uvimbe. "Dada, nibebee." Maneno hayo mawili hayasemwi kwa wepesi, na kuyakataa ni vigumu zaidi kuliko kuyasema.

Akikubali, daktari makini atamuuliza kwanza kama ameshazaa. Nchi nyingi zenye sheria zimeweka sharti hilo. Tumbo lililowahi kubeba mpaka mwisho limejulikana uwezo wake, na mwanamke aliyewahi kunyonyesha anajua kiasi fulani anaahidi kutoa nini. Kisha vinakuja vipimo: virusi vya Ukimwi, homa ya ini, kaswende, shinikizo la damu, sukari, picha ya mji wa mimba. Mumewe, kama anaye, naye hupimwa. Mahali penye utaratibu mzuri mbebaji huzungumza pia na mwanasaikolojia, na huzungumza naye peke yake, bila dada wala shemeji kukaa pembeni wakimtazama usoni.

Halafu mwili wake hudanganywa. Humeza vidonge vya estrojeni kwa muda wa kama wiki mbili ili utando wa ndani wa mji wa mimba unenepe. Ukifikia unene unaotakiwa, inaongezwa projesteroni, mara nyingi kwa sindano ya mafuta ya kwenye tako, kila siku. Siku ya kupandikiza huambiwa anywe maji mengi, kwa sababu kibofu kilichojaa huonyesha vizuri zaidi kwenye ultrasaundi. Daktari hupitisha mrija mwembamba na kuachia ndani kiinitete cha siku 5 ambacho kwa jicho tupu ni shida kukitambua. Ni kazi ya dakika chache, wala haihitaji nusukaputi. Kama siku 10 baadaye damu hupimwa. Ikiwa mimba imeshika, sindano zile haziishi, maana ovari zake hazikutoa yai mwezi huo na kwa hiyo hazitengenezi homoni ya kuilinda mimba. Ataendelea kudungwa mpaka wiki ya 10 au ya 12, wakati kondo la nyuma linapoanza kujitegemea. Wanawake waliopita hapo husimulia matako yaliyovimba vinundu, na namna walivyojifunza kukalia upande mmoja.

Ikiwa haikushika, mzunguko wote unaanza upya.

Katika kipindi hicho kuna sharti ambalo watu huliona la kuchekesha mpaka waelezwe: mbebaji na mumewe wanatakiwa wasikutane kimwili. Hofu ni kwamba anaweza kutunga mimba yake mwenyewe pembeni ya ile aliyopandikizwa. Na si hofu ya kubuni. Mwaka 2016, mwanamke mmoja wa California aliyekuwa akimbebea mume na mke kutoka China alijifungua wavulana wawili waliodhaniwa kuwa mapacha. Vipimo vya vinasaba vilionyesha baadaye kwamba mmoja alikuwa wa wale Wachina na mwingine alikuwa wake na mwenzi wake. Alitumia nguvu, wanasheria na fedha mpaka kumrudisha nyumbani mtoto wake wa damu.

Ajabu ni kwamba wanazuoni wa Makka walikuwa wameiona hatari hiyo zaidi ya miaka 30 kabla. Mwaka 1984 Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Kiislamu ya Dunia) lilijadili suala la mwanamume mwenye wake wawili, mmoja hana mji wa mimba, na likaona inafaa mke mwenza ambebee mwenzake. Mwaka uliofuata likaiondoa ruhusa hiyo. Miongoni mwa sababu ilikuwa hiyo hiyo: mke mwenza aweza kushika mimba yake kwa mume yuleyule, nasaba zikachanganyika, isijulikane nani wa nani upande wa mama. Tangu hapo msimamo wa wengi wa wanazuoni wa Kisunni ni kuikataza njia hii kabisa, na Waislamu wengi wa pwani yetu wanaufuata. Kwa Mashia mambo ni tofauti. Nchini Iran wapo wanazuoni wakubwa wanaoiruhusu na inafanyika hospitalini bila kificho. Kanisa Katoliki nalo liliikataa katika waraka wake wa 1987, na Januari 2024 Papa Fransisko aliwataka mabalozi waliokusanyika Vatikani waunge mkono marufuku ya dunia nzima. Hoja yake iligusa hali ya mwanamke mwenye shida ya fedha anayegeuzwa kuwa chombo, na hapo hata asiye Mkatoliki anaweza kusimama akasikiliza.

Mimba yenyewe ni mimba. Kichefuchefu hakijui yai ni la nani. Miguu itavimba, kiungulia kitapanda, usingizi utakatika, na watoto wake mwenyewe wataliona tumbo na kuuliza huyo mdogo wetu ataitwa nani. Lakini kuna jambo ambalo mawakala hawapendi kulitaja kwenye vipeperushi vyao, nalo ni kwamba mimba ya namna hii ina hatari zaidi kuliko ile ambayo mwanamke huyohuyo angeipata nyumbani kwake. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 2024 uchunguzi wa watoto zaidi ya 860,000 waliozaliwa katika jimbo la Ontario kati ya 2012 na 2021. Katika kila wanawake 100 walioshika mimba kwa njia ya kawaida, 2.3 walipata matatizo makubwa ya uzazi. Kwa waliopandikizwa mimba zao wenyewe ilikuwa 4.3. Kwa waliobeba kwa niaba ya wengine ilikuwa 7.8. Matatizo yanayozungumzwa hapo ni yale yanayoua: kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, shinikizo la damu kali la ujauzito, maambukizi yanayoingia kwenye damu.

Na hiyo ni Ontario, ambako gari la wagonjwa likiitwa linakuja. Nchini Kenya, hesabu zilizotokana na sensa ya 2019 zilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 hufariki. Mtu anayesema kubeba mimba ni kazi kama kazi nyingine ataje basi ni kazi gani nyingine ambayo mfanyakazi hapumziki hata siku moja kwa miezi tisa, wala haiachi hata akiwa usingizini.

Mtoto akishazaliwa na kuchukuliwa, mwili haupati taarifa. Siku ya tatu au ya nne maziwa hujaa. Wengine hukamua na kuyapeleka kwa mtoto kwa wiki kadhaa, wengine hujifunga kanga kifuani na kungoja yakauke. Damu ya uzazi inaendelea kutoka, mshono wa upasuaji unauma, na hapa Afrika Mashariki kuna kitu cha ziada: arobaini. Mzazi wa kwetu huogeshwa, hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa mtori au uji wa pilipili manga, na jirani huja kumpa pole ya uzazi na hongera. Atapewa nani hongera hizo? Familia nyingi zilizofanya jambo hili kimyakimya humpeleka mbebaji akae mji mwingine mpaka ajifungue, kisha anarudi mikono mitupu, na majirani waliowahi kuliona tumbo wanampa rambirambi.

Je, huvunjika moyo? Hapa ni vizuri kusema kilichopatikana hata kama kinakwenda kinyume na tulivyozoea kudhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha City, London, waliwahoji wanawake 34 wa Uingereza kama mwaka mmoja baada ya kumkabidhi mtoto. Karibu theluthi moja walisema wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kwa kiasi fulani; mwaka ulipotimia waliobaki na ugumu huo walikuwa wachache sana. Hakuna aliyejutia kiasi cha kudai mtoto arudishwe. Hata Kim Cotton, baada ya mshtuko wote ule, aliwabebea rafiki zake mapacha mwaka 1991, safari hiyo kwa mayai yasiyo yake na bila malipo. Lakini wengi wa wanawake hao wa Uingereza waliamua wenyewe, walijua wenye mtoto ni akina nani, na wengi waliendelea kuonana nao. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwa mwanamke aliyechukuliwa na wakala kutoka mtaa wa mabanda, akasaini karatasi ya Kiingereza ambayo hakusomewa.

Wapo pia wanaosema jambo hili ni la Wazungu. Waulizwe Wakuria wa Tarime. Katika ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke mtu mzima asiye na mtoto, au asiye na mwana wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa msichana. Msichana huzaa na mwanamume mwingine, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Wanandi, Wakisii na Wakamba wa Kenya wana desturi zinazokaribiana nayo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya mirathi ya bibi mmoja wa Kinandi, iliitambua ndoa ya namna hiyo na kumpa mke na watoto haki ya kurithi. Desturi hizi zina maumivu yake, na wasichana wengi wa Tarime waliingizwa humo wakiwa wadogo mno bila kuulizwa. Ila tofauti moja inafaa kuangaliwa: anayezaa haondoki. Anakaa boma lilelile, anamnyonyesha mtoto, anamwona akikua. Hospitali za sasa zinamtaka mbebaji atoke mlango mmoja na mtoto mlango mwingine, na sheria zetu nyingi bado hazijui zimpeleke nani wapi.

Mfano ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014. Mwanamke alikuwa amewabebea mume na mke, akajifungua mapacha. Ilipofika kujaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa, wahudumu wa hospitali walikwama kwenye mstari mmoja: jina la mama. Waliarifu idara ya watoto, na mapacha wachanga wakapelekwa kwenye makao ya watoto wakati kuna mama mzazi aliyewabeba na wazazi wa damu waliokuwa wakiwangoja, na wote watatu wanakubaliana. Hakuna aliyekuwa akigombania. Jaji alieleza kwamba nchi haina sheria inayohusu jambo hili na akaona ni wajibu wa Serikali kuwalinda watoto na wazazi wa namna hiyo kwa kutunga sheria. Mbunge Millie Odhiambo amekuwa akiupeleka bungeni muswada wa uzazi wa kusaidiwa kwa zaidi ya miaka 10, toleo baada ya toleo. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009 inayoelekeza jinsi ya kuasili, lakini mbebaji hatajwi humo. Rwanda imetangulia: Agosti 2025 bunge lake lilipitisha sheria ya huduma za afya inayoitambua njia hii.

Nchi ya Pat Anthony ndiyo iliyofikiri kwa kina kuliko zote barani. Sura ya 19 ya Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, iliyoanza kutumika Aprili 2010, inataka mkataba upelekwe kwa jaji wa Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa. Mbebaji awe na mtoto wake aliye hai. Asilipwe kwa kubeba, lakini arudishiwe gharama zake, kipato alichokosa, na akatiwe bima ya kifo au ulemavu. Mtoto akizaliwa ni wa waliomwomba tangu pumzi ya kwanza, kwa hiyo hakuna karani wa kukwama kwenye mstari. Kipengele kinachostahili kusomwa mara mbili ni cha kuitoa mimba: uamuzi ni wa mbebaji. Anatakiwa kuwaarifu waliomwomba na kushauriana nao, na kama hana sababu ya kitabibu atawarudishia walichotumia, lakini hakuna mwenye uwezo wa kumlazimisha. Sheria hiyo inatambua mwili unaobeba ni wa nani.

Kuhusu fedha, kuna funzo kutoka Anand, mji wa jimbo la Gujarat nchini India. Dokta Nayana Patel alianza na bibi aliyembebea binti yake aliyeishi Uingereza, mwaka 2004. Baada ya miaka michache wanawake kwa makumi walikuwa wakilala kwenye bweni la kliniki, wamebeba watoto wa Wamarekani, Wajapani na Waingereza, mbali na watoto wao wenyewe. Baadhi walijenga nyumba kwa malipo hayo, na ni haki yao kusema hivyo. India iliwafungia wageni mlango mwaka 2015, kisha sheria ya 2021 ikapiga marufuku malipo. Biashara haikufa, ilihamia nchi kama Georgia na Ukraine. Mei 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, kliniki moja ya Kyiv ilitoa video ya vitanda vidogo vimepangwa safu safu katika ukumbi wa hoteli, vichanga zaidi ya 40 wakingoja wazazi walioko ng'ambo. Kamera ilikaa kwa watoto. Wanawake waliokuwa wamewazaa hawakuonekana. Siku hizi wageni wanatua Nairobi pia.

Hata hivyo kuondoa fedha hakuondoi shinikizo. Mdogo wa mwisho aliyesomeshwa na dada yake, akaishi kwa shemeji yake miaka sita, ataikataa vipi "nibebee"? Anaitwa mwenye kujitolea, ilhali deni lake linajulikana na ukoo mzima. Mahakama ikimuuliza mbele ya dada yake kama amekubali kwa hiari, atajibu ndiyo.

Kwa hiyo anayefikiria jambo hili, iwe kwa ndugu au kwa mgeni, ana orodha ya mambo ya kukalia kitako kabla ya kidonge cha kwanza cha estrojeni. Vitawekwa viinitete vingapi. Asikubali zaidi ya kimoja kwa tamaa ya kuokoa gharama ya mtu mwingine, kwa sababu mapacha ni hatari kwake yeye. Kikipatikana kilema kwenye picha ya wiki ya 20, nani ataamua. Wenye mtoto wakiachana au wakifariki mimba ikiwa ya miezi sita, mtoto anakwenda kwa nani. Wosia wake mwenyewe uko wapi. Matibabu yake yatalipwa hadi lini baada ya mtoto kuchukuliwa: India imeweka bima ya miezi 36, muda unaotosha kugundua fistula, henia ya mshono au shinikizo la damu lililokataa kushuka. Na awe na mwanasheria wake mwenyewe, si yule wa wenye mtoto. Wao wamlipe, lakini amchague yeye, akae naye ofisini peke yake, na mkataba usomwe wote kwa lugha anayoielewa kabla mtu yeyote hajatoa kalamu.